Simu Haimjui Mama Asha

Chukua simu ya mtu yeyote wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, kwa ruhusa yake, ufungue orodha ya majina. Utakutana na Mama Asha Duka, Fundi Friji, Boda wa Stendi, Dada Saluni, Mzee wa Mchele, Baba Mwenye Nyumba na Shemeji Arusha. Wachache sana watakuwa wamehifadhiwa kwa majina yaliyo kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa. Sasa bonyeza alama ya kuongeza mtu mpya, uone simu yenyewe inataka nini: jina la kwanza, jina la ukoo, kampuni, cheo. Mwenye simu hahangaiki na nafasi zote hizo. Anaandika "Mama Asha Duka" kwenye ile ya kwanza, anahifadhi, anaendelea na shughuli zake.

Aliyeichora fomu ile alidhani mtu hutambulika kwa jina la kwenye kitambulisho na kwa mwajiri wake. Mwenye simu anamtambua mwenzake kwa kile kinachowakutanisha: mtoto, duka, mchele, ndoa ya dada. Ninaamini kwamba taabu nyingi wanazozipata watu wetu kwenye simu zinaanzia katika pengo hilo, nasi tumezoea kuzibandika jina la ushamba au kutojua. Nataka leo tulitazame pengo lenyewe.

Kuna jaribio maarufu lililofanyika mbali na hapa, kabla simu ya mkononi haijakuwepo. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kirusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistani kuzungumza na wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Aliwaonyesha picha za vitu vinne: nyundo, msumeno, shoka na gogo. Akawauliza kipi hakihusiani na vingine. Jibu la shuleni ni gogo, kwa kuwa vile vitatu ni zana. Wakulima walikataa kukitoa hata kimoja. Msumeno unakata gogo, shoka linalipasua, sasa ukiliondoa gogo, zana zitafanya kazi gani? Mmoja alipoambiwa kuwa kuna mtu aliyeliondoa gogo, alisema huenda mtu huyo ana kuni tele nyumbani kwake.

Luria aliona hapo akili ambayo haijafika kwenye fikra za juu. Kwa muda mrefu wengi walimfuata. Kisha kikatokea kisa cha Liberia, ambacho ningependa kila anayechora programu za simu akijue. Watafiti wa Kimarekani waliwapa wakulima wa kabila la Wakpelle vitu vya aina nne, vyakula, zana, nguo na vyombo, wakawaomba waviweke pamoja vile vinavyoendana. Wakulima waliweka kisu na chungwa, viazi na jembe. Walipoulizwa kwa nini, walisema hivyo ndivyo mtu mwenye busara angefanya. Mwanasaikolojia Joseph Glick amesimulia kwamba hatimaye mtafiti aliuliza: na mpumbavu angefanyaje? Papo hapo vitu vikapangwa mafungu manne safi, vyakula huku, zana kule, nguo pale, vyombo pale.

Kwa hiyo uwezo walikuwa nao tangu mwanzo. Walichokosa ni sababu ya kuutumia, maana kwao kisu kilichotengwa na chungwa ni kisu kisicho na kazi.

Rudi sasa kwenye simu janja. Menyu yake yote imepangwa kwa mafungu ya aina: Sauti, Skrini, Mtandao, Programu, Hifadhi. Mama mmoja amenunua bando la wiki, limeisha siku ya pili. Haja yake ni moja, bando lisiishe. Lakini simu haina mlango wenye haja hiyo. Kuzuia programu zisitumie data kichinichini kuko ndani ya Mtandao. Kuzuia WhatsApp isipakue kila video ya harusi iliyotumwa kwenye kundi kuko ndani ya WhatsApp yenyewe, chini ya hifadhi na data. Kuzuia programu zisijisasishe kuko ndani ya duka la programu. Video zinazojicheza zenyewe kwenye mitandao ya kijamii huzimwa ndani ya kila mtandao, mmoja mmoja. Kazi moja imetawanywa milango minne, na kila mlango umeandikwa jina la aina ya kitu badala ya jina la shida. Mama huyo ataishia kwa fundi simu au kwa mjukuu. Wote wawili watamwambia, kwa upole au bila upole, kwamba simu hizi hajui kuzitumia.

Mtafiti wa Kihindi Indrani Medhi, aliyekuwa Microsoft Research kule Bangalore, ametumia miaka mingi kwenye jambo hili pamoja na wenzake. Walichora programu zisizo na maandishi kwa ajili ya wanawake wanaofanya kazi za ndani, wakapima vitu ambavyo wachoraji wengine huvichukulia kirahisi. Mwaka 2013 walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye elimu ndogo ya shule hupata kitu haraka na kwa usahihi zaidi kwenye orodha moja ndefu kuliko kwenye menyu ya mafungu ndani ya mafungu, hata pale ambapo hakuna neno la kusoma. Kwa maneno mengine, kuondoa maandishi na kuweka picha hakutoshi. Picha zikipangwa kwa mafungu yale yale ya shuleni, ugumu unabaki pale pale.

Hapo linazuka swali ambalo wataalamu hawajalimaliza: tunazungumzia utamaduni au shule? Nadhani ni vyote, na mpaka wake hauko kati ya watu wawili, uko ndani ya mtu mmoja. Ofisa wa benki anayepanga ripoti zake kwa vichwa na vijisehemu ndiye huyo huyo mwenye Fundi Friji kwenye simu yake. Kazini anapanga kwa aina. Nyumbani anapanga kwa uhusiano.

Na jambo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1972 Liang-Hwang Chiu aliwaonyesha watoto wa Marekani na wa Taiwan picha za ng'ombe, kuku na majani, akauliza viwili vipi vinakwenda pamoja. Watoto wa Marekani walielekea kuunganisha ng'ombe na kuku, wanyama wote wawili. Wa Taiwan waliunganisha ng'ombe na majani, kwa sababu ng'ombe hula majani. Karibu miaka 30 baadaye Takahiko Masuda na Richard Nisbett waliwaonyesha wanafunzi wa Kyoto na wa Michigan mandhari ya chini ya maji. Wamarekani walianza kusimulia samaki mkubwa aliyetangulia mbele. Wajapani walianza na maji, mawe na mimea, na kwa jumla walitaja mambo ya mazingira kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko Wamarekani. Mwaka 2008 Ying Dong na Kun-Pyo Lee walifuatilia macho ya Wachina, Wakorea na Wamarekani wakitazama ukurasa wa intaneti. Macho ya Wachina na Wakorea yalizunguka ukurasa mzima huku na kule. Ya Wamarekani yalikwenda kwa mfuatano, sehemu hadi sehemu.

Ukiyajua hayo, hutashangaa kwamba programu inayotawala China haifanani na zile za California. WeChat ilizinduliwa Januari 2011 kama programu ya ujumbe. Tangu Januari 2017 imebeba ndani yake maelfu ya programu ndogo: teksi, chakula, miadi ya hospitali, bili ya umeme. Mtu haachi mazungumzo ili aende kulipa, analipa humo humo anamozungumza. Mmarekani amezoea programu moja kazi moja, kila moja na alama yake kwenye kioo. Sitaki kudai kwamba utamaduni ndio uliofanya yote hayo. Wachina wengi waliingia kwenye intaneti kwa simu kabla ya kompyuta, na wafanyabiashara nao walikuwa na hesabu zao. Lakini programu ya namna ile isingeota mizizi mahali ambapo watu hawaoni mazungumzo na malipo kuwa jambo moja.

Hapa kwetu mfano tunao, tena mkubwa. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walifanya majaribio ya huduma ya fedha kwa simu nchini Kenya, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao kwa simu. Programu iliandikwa Uingereza. Lakini Susie Lonie wa Vodafone alikuja Kenya kuyasimamia majaribio, na yeye na wenzake wakaona watu wakiigeuza huduma ile. Walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao, ndugu kwa ndugu, mji kwa kijiji. Marejesho ya mikopo yakawekwa kando. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Tazama menyu yake. Tuma pesa. Toa pesa. Nunua muda wa maongezi. Lipa bili. Mistari hiyo ni vitendo, na nyuma ya kila kitendo kuna mtu wa upande wa pili: anayetumiwa, wakala, mwenye duka. Kazi hizo kuu hazikufichwa ndani ya mafungu ya akaunti, miamala na huduma kama ilivyokuwa desturi kwenye fomu za benki. Iliwezekana kwenye kiswaswadu chenye kioo cha mistari michache, na bibi asiyewahi kuingia benki akajifunza kwa kuonyeshwa mara moja mbili. Sababu nyingine zilikuwepo, mtandao wa mawakala ukiwa wa kwanza, lakini mpangilio wa menyu ile hausifiwi vya kutosha. Nasikitika ninapoona programu za simu janja zilizofuata, za makampuni mbalimbali, zikirudi kwenye mafungu na vijialama visivyo na maneno, kana kwamba funzo lile lilikuwa la kiswaswadu tu.

Hata hivyo Mama Asha bado anaisumbua menyu hiyo. Siku hizi kabla pesa haijaondoka jina la mpokeaji linatokea ili uthibitishe. Ni kinga nzuri, imewaokoa wengi. Lakini jina linalotokea ni la usajili, na Tanzania usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa ulikamilishwa kwa ukali, ukomo ukiwa Januari 20, 2020. Unamtumia Mama Asha pesa ya vitenge, kioo kinakuletea majina matatu ambayo hujawahi kuyasikia. Huenda ndiye yeye. Huenda laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe, kwa kuwa chake kilikuwa hakijatoka. Unafanyaje? Unampigia. "Mama Asha, jina linakuja nani?" Anakutajia, ndipo unaingiza namba ya siri. Kinga imeandikwa kwa kudhani kuwa anayetuma pesa anamjua mpokeaji kwa jina la serikali. Watu wameiziba nafasi hiyo kwa simu ya dakika moja, na desturi hiyo sasa imekuwa sehemu ya muamala wenyewe.

Matapeli wameielewa kuliko wachoraji. Ni nani Tanzania hajapokea ule ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani? Ujumbe hauna salamu wala hautaji anayeandika, na hapo ndipo ukali wake ulipo. Unajua kwamba wakati wowote ule kati ya watu wetu kuna pesa inayosubiriwa: ada, mchango wa harusi, kodi, deni la mchele. Unajua pia kwamba jina geni kwenye kioo halimshtui mtu, na kwa hiyo unamtajia jina hilo mapema. Aliyeandika ujumbe ule alichunguza jinsi tunavyofikiri juu ya pesa na watu. Ningetamani uchunguzi wa aina hiyo ufanywe na wanaotulinda.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mgeni hawezi kulijua bila kukaa nasi. Mtu akiomba shilingi 20,000, mwungwana hatumi 20,000. Anatuma na ya kutolea. Kumtumia mama yako kiasi kamili, kisha akatwe kwa wakala apate pungufu, ni aibu isiyosemwa. Basi mtumaji anatazama jedwali la makato lililobandikwa kwenye kibanda, anapiga hesabu kichwani, anajumlisha, na akikosea kidogo salio la mama linagota chini ya kiasi kinachotakiwa. Mtu aliyekulia mahali ambapo ada ya benki ni shauri la kila mmoja na benki yake hatafikiri kuweka mstari mmoja unaosema "ongeza ya kutolea". Aliyekulia hapa angeuweka siku ya kwanza.

Nokia waliwahi kufanya kazi ya namna hii kwa umakini. Mtafiti wao Jan Chipchase alizunguka Uganda mwaka 2006 akitazama jinsi simu moja inavyotumiwa na watu wengi. Alikuta pia desturi iliyoitwa sente: mtu wa mjini ananunua vocha, anampigia mwenye kibanda cha simu kijijini, anamsomea namba, naye mwenye kibanda anaingiza vocha hiyo kwenye simu yake na kumpa ndugu wa mtumaji fedha taslimu, akibakiza kidogo chake. Mwaka 2007 Nokia ilitoa simu za 1200 na 1208, za bei ya chini, zenye daftari tano tofauti za majina ndani ya simu moja, na uwezo wa kuweka kikomo cha gharama kwa kila mwito. Waliokuwa wakiishi watano na simu moja walipata kila mmoja daftari lake. Simu janja za leo nyingi zinadhani simu ni ya mtu mmoja: uso mmoja, kidole kimoja, akaunti moja. Lakini nyumba ambazo mama, binti na mpwa wanashika simu moja bado zipo, na humo namba ya siri hujulikana na wote. Tukiwashauri wasishirikiane tu, bila kuwachorea njia ya kushirikiana kwa usalama, tunawaacha walivyo.

Baada ya kusema hayo yote naogopa jambo moja, kwamba mtu achukue maneno kama haya ayafanye jedwali. Limeshafanyika. Mholanzi Geert Hofstede alikusanya dodoso zaidi ya 100,000 kutoka kwa wafanyakazi wa IBM duniani kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama za tamaduni zao, na wachoraji wa programu wamezitumia alama hizo miaka mingi. Sisi tumo humo, chini ya jina Afrika Mashariki. Fungu hilo linaunganisha Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, alama moja kwa wote. Mfugaji wa Longido, mvuvi wa Kilwa, mfanyabiashara wa Lusaka na mkulima wa Gondar wamesemewa na wafanyakazi wachache wa kampuni moja ya kompyuta, miaka 50 iliyopita. Anayechora simu kwa kutazama jedwali lile amejiondolea sababu ya kupanda ndege, na sioni atawezaje kujua habari ya pesa ya kutolea.

Hata mambo yanayoonekana kama ya kiufundi tu yana watu ndani yake. Simu zinazotumia Kiarabu hugeuzwa upande, menyu zikaanzia kulia, lakini mwongozo wa Google kwa wachoraji unasema alama ya kucheza muziki isigeuzwe. Mtu alikaa akaliwaza hilo. Kwetu linalosubiri kuwazwa ni saa. Simu inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia macheo, na Waethiopia vilevile. Kwenye hazina ya CLDR, ambayo simu nyingi huitegemea kupata majina ya siku na nyakati, adhuhuri kwa Kiswahili imeandikwa ipasavyo, "saa sita za mchana", huku tarakimu kwenye kioo ikibaki 12:00. Mtu anayesoma saa ya ukutani ameshazoea kutafsiri kichwani, na hilo halimuumizi.

Lakini sasa tumeanza kusema na simu kwa sauti. Mama anamwambia mwanawe, "Niamshe saa kumi na moja, nawahi basi la Tanga," na mtoto anaelewa bila kuuliza, kwa kuwa anajua basi linaondoka alfajiri. Akiiambia simu maneno hayo hayo, jibu sahihi ni 05:00. Simu ikisikia kumi na moja na kuweka 11:00, basi limekwenda. Ili isikosee inahitaji kujua kwamba msemaji ni Mswahili na anahesabu kwa macheo, kwamba kuwahi basi ni jambo la alfajiri, na pale isipokuwa na hakika iulize kama ambavyo mtu yeyote wa nyumbani angeuliza: ya alfajiri au ya jioni? Kazi hiyo wanaweza kuifanya vijana wanaoandika programu Nairobi, Dar es Salaam na Kigali leo hii. Wengi wao wana Mama Asha kwenye simu zao.